Sikudanganya, Nilinyamaza Tu

Shemeji yangu ana Toyota Corona ya zamani. Inabeba abiria kutoka Base Camp, hapa Nakivale, mpaka Mbarara. Nyumba mbili zinakula kwa hiyo gari: yake na yangu.

Jumapili moja alienda kanisani, nami nikataka kumshukuru. Nikaosha gari nje na ndani. Kisha nikafungua boneti, nikaona mafuta na vumbi vimeganda, nikamwaga sabuni na jerikani nzima ya maji juu ya motere. Sikumuuliza mtu. Iling'aa kweli.

Jumatatu alfajiri ikakataa kuwaka. Stata inazunguka vizuri, lakini motere haishiki. Abiria wakashuka mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa anampeleka mtoto kliniki, akapanda boda na baridi ile.

Fundi akafika, akaniuliza: "Mara ya mwisho ilitembea lini?" Nikajibu: Jumamosi. "Ilikuwa inakatakata njiani?" Hapana. Yote ilikuwa kweli. Akapima betri, ina nguvu. Akasema basi ni pampu ya petroli. Shemeji akatoa shilingi 70,000 alizoziweka kwa ajili ya yunifomu ya mtoto, akaagiza pampu Mbarara. Miye nimesimama pale, naangalia.

Pampu ikafungwa. Gari ikakataa vilevile. Siku ya pili ndipo nikasema: "Fundi, niliosha motere."

Hakucheka. Akafungua kifuniko cha delko, kile kikopo kinachogawa moto kwa plagi, ambazo kwetu Kongo tunaziita buji. Ndani kulikuwa na matone. Mashimo ya plagi nayo yana maji. Akaeleza kwamba umeme ukikuta unyevu, unapita humo na kupotelea kwenye chuma, haufiki kwa plagi. Akapangusa kwa kitambaa kikavu, akapuliza mashimo, akaanika kifuniko juani. Mchana gari ikawaka.

Shemeji akaniambia: "Kuosha, nimekusamehe. Hukujua. Lakini jana ulikuwa unaniona natoa pesa."

Tangu siku ile najiuliza: kama kila nilichosema kilikuwa kweli, kosa langu ni nini?

Mwanzoni nilijitetea kwamba hakuna aliyeniuliza kama niliosha. Lakini fundi angeuliza vipi jambo asilolijua? Mtu anauliza mpaka pale ujuzi wake unapoishia. Kuanzia hapo, deni ni la yule anayejua. Majibu yangu ya kweli yalimpeleka fundi kwenye pampu sawasawa na vile uongo ungempeleka.

Halafu nikajiuliza hiyo tabia niliitoa wapi. Niliitoa kwenye dirisha la ofisi. Wengi wetu tulifundishwa na waliotutangulia: jibu ulichoulizwa, usiongeze. Neno moja la ziada, faili inarudi chini kabisa. Sitaki kuwalaumu waliotufundisha. Mbele ya mtu mwenye kushika maisha yako kwa kalamu, kunyamaza kunaweza kuwa nguo ya kujifunika. Ubaya ni kwamba nguo hiyo tunarudi nayo nyumbani, tunalala nayo, mpaka tunawajibu ndugu zetu kama tunavyojibu dirishani.

Wengine watasema ukweli ni ukweli popote, na mwenye kuficha ofisini ataficha na nyumbani. Wana hoja, maana miye mwenyewe ni ushahidi wao. Lakini naona kipimo kingine: nani analipa bei ya kimya changu? Kama ni miye peke yangu, labda ni haki yangu kunyamaza. Kama analipa mwingine, naye hajui kwamba analipa, basi ni wizi, hata kama mdomo wangu haukutamka uongo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Miye nilificha changu, na aliyepungukiwa ni mtoto wa dada yangu, aliyeanza muhula bila yunifomu.

Mwenye duka alikataa kurudisha pampu. Namlipa shemeji kidogo kidogo. Kuhusu gari, nimejifunza: kabla ya kuosha motere, muulize mwenyewe, funika delko kwa mfuko wa plastiki, tumia kitambaa chenye unyevu, si jerikani.

Siku hizi ile gari ikigoma asubuhi, shemeji hatazami boneti kwanza. Ananitazama miye. Ni haki yake.