Ahadi baina ya Mwenye Nguvu na Mnyonge

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, hili ni swali lipasalo kujibiwa: Mapatano ya dola kubwa na dola ndogo, je, ni ahadi ya kweli, au ni amri iliyovikwa nguo ya ahadi?

Ewe ndugu msomaji, tazama mwanzo wa urafiki wa Waingereza na Masultani wetu. Mwaka 1798 Bonaparte aliingia Misri, na Waingereza wakachelea njia yao ya Bara Hindi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakapatana na Seyyid Sultan bin Ahmad wa Maskati asiwape Wafaransa nafasi katika nchi yake; naye alikuwa akiihitaji biashara ya Hindi. Kila mmoja alikuwa na haja kwa mwenziwe, na haja ikaleta ridhaa.

Walakini haja si mapenzi. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe Majid na Thuwaini waligombea urithi, hata hukumu ikapewa mgeni. Mwaka 1861 Lord Canning, Liwali Mkuu wa Hindi, akaitenga Unguja na Maskati, na Unguja ikapaswa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Rafiki akawa kadhi.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash aliambiwa aikomeshe biashara ya watumwa, ama sivyo manowari zitaizingira Unguja; akatia sahihi. Na mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana wao kwa wao. Pwani yetu, na Tanga na Pangani ndani yake, ikatoka mkononi mwa Sultani kwa maki 4,000,000, na Unguja ikawekwa chini ya hifadhi ya Waingereza.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba mauzo ya aliyelazimishwa ni batili, ila akilazimishwa kwa haki, kama kadhi amlazimishavyo mdeni kuuza mali yake alipe deni. Basi pima kwa mizani hiyo. Amri ya 1873, ijapokuwa ililetwa kwa vitisho, ilikuwa ya haki, kwani kuwateka watu na kuwauza ni dhuluma. Aibu yetu ni kungoja mgeni atuamrishe yaliyotupasa wenyewe. Lakini mauzo ya 1890, haki yake i wapi? Watu wa Pangani pamoja na Abushiri bin Salim walikwisha kuwakataa Wadachi mwaka 1888, naye akanyongwa Desemba 1889. Wenye nyumba hawakuulizwa.

Hifadhi ile iliondolewa Desemba 1963. Mwezi uliofuata Sultani alipinduliwa, na rafiki wa zamani hakuleta jeshi kumrudisha. Haja yake ilikuwa imekwisha.

Basi mnyonge asikatae mapatano, bali ajue yamesimama juu ya nini. Na kabla ya kutafuta mlinzi, aondoe dhuluma nyumbani mwake na awapatanishe nduguze. Kwani mgeni aliingia kwetu kwa milango hiyo miwili, nasi ndio tuliomfungulia. Wallahu aalam.