Nani Anapumzika Franschhoek?

Msimu mzuri wa kuzuru mashamba ya mizabibu ya Rasi, kusini-magharibi mwa Afrika Kusini, ni Januari hadi Aprili. Zabibu zimeiva, mvua ni haba, na katika bonde la Franschhoek kuna tramu maalumu inayowapitisha wageni shamba kwa shamba wakionja mvinyo. Miezi hiyohiyo ndiyo ya mavuno. Kibarua huingia shambani kabla jua halijachomoza, kwa sababu zabibu hutakiwa kukatwa zingali na ubaridi wa usiku. Huinama kwenye mistari ya mizabibu, makasi mkononi, akijaza kreti moja baada ya nyingine. Mgeni anapoketi kupata kifungua kinywa, kibarua amekwisha kutokwa na jasho kwa saa kadhaa.

Hapo ndipo penye swali ambalo anayepanga likizo ya namna hii hawezi kulikwepa: mtu anaweza kusema amepumzika, ikiwa pumziko lake linasimama juu ya mgongo wa asiyepata kupumzika?

Swali hili ni la kale, na lilizaliwa katika nchi zilizoujua mzabibu vizuri. Amri ya Sabato, kama ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati, haiishii kwa mwenye nyumba. Inawataja mtumwa na kijakazi, mgeni aliye mjini, hata ng'ombe na punda, na inatoa sababu: Waisraeli nao waliwahi kuwa watumwa Misri. Mambo ya Walawi inamkataza mwenye shamba kuokota zabibu zilizoanguka. Hizo ni fungu la maskini na mgeni. Kwa mafundisho hayo, pumziko si zawadi ambayo mtu hujipa baada ya kufanikiwa. Ni haki ya nyumba nzima, na anayeichukua peke yake ameivunja amri hata kama siku nzima hakugusa jembe.

Historia ya Rasi inalipa swali hilo uzito wa pekee. Jan van Riebeeck, kiongozi wa kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, aliandika Februari 1659 kwamba mvinyo wa kwanza umekamuliwa. Mji wa Stellenbosch, jirani na Franschhoek, ulianzishwa mwaka 1679. Mwaka 1688 wakafika Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini Ufaransa, na leo Franschhoek inawakumbuka kwa mnara mkubwa wa matao matatu. Watu hao walijua maana ya kufukuzwa kwa ajili ya imani. Hata hivyo, mashamba waliyopewa nayo yalikuja kulimwa na watumwa.

Kati ya 1652 na 1808 watumwa wapatao 60,000 waliingizwa Rasi kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Pwani ya Waswahili haikusalimika: kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni hiyo zilifika hadi Unguja kununua watu. Msomaji wa Zanzibar au Bagamoyo anayetazama picha za nyumba nyeupe za Kiholanzi za Rasi, chini ya milima, hatazami historia ya watu wa mbali tu. Sheria ya kukomesha utumwa ilianza kufanya kazi Desemba 1834, lakini walioachwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao kwa miaka minne zaidi, hadi Desemba 1838.

Baada ya hapo kukabaki desturi iliyoitwa *dop*: sehemu ya ujira wa kibarua ililipwa kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe siku nzima. Ilipigwa marufuku, ikaendelea kichinichini kwa miongo kadhaa. Madhara yake yangali yanaonekana, kwani jamii za mashambani huko zina viwango vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani vya watoto waliodhurika tumboni kwa pombe waliyokunywa mama zao. Mwaka 2012 vibarua wa De Doorns, kwenye bonde la zabibu za mezani, waligoma kupinga ujira wa chini wa randi 69 kwa siku. Walidai 150. Mwaka uliofuata serikali ikapandisha kiwango hadi 105.

Je, basi mtu asiende? Wapo wanaoona hivyo, na dhamiri yao inastahili heshima. Lakini kususia safari hakumpi mvunaji siku ya kupumzika. Humwondolea tu mteja. Kosa halimo katika kufurahia uzuri wa bonde. Limo katika kuipanga safari ili macho yasikutane na yeyote anayefanya kazi.

Safari inaweza kupangwa vingine. Kati ya Stellenbosch na Franschhoek kipo kijiji cha Pniel, kilichoanza mwaka 1843 kama misheni ya walioachwa huru, ambacho wageni wengi hukipita wakiwahi kuonja mvinyo. Penye lango la shamba la Klein Constantia liko kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyetekwa Sumatra na kuhamishiwa Rasi katika miaka ya 1660. Waislamu hulizuru mpaka leo, mizabibu ikiwa imelizunguka. Hata asiyegusa tone la mvinyo ana jambo la kumpeleka huko.

Kabla ya kulipia chumba, mwandikie mwenye shamba. Muulize wavunaji wanalipwaje, wanalala wapi, na siku yao ya kupumzika ni ipi. Muulize pia kama shamba limekaguliwa na WIETA, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2002 kusimamia haki za wafanyakazi wa mashamba ya mvinyo. Asipotaka kujibu, tafuta shamba jingine.