Uzee wa Kupakwa

Asubuhi kabati limetoka kupigwa randa, bado linanukia mbao. Ikifika jioni lina umri wa miaka themanini.

Kazi yenyewe haina uchawi. Fundi hupaka kwanza rangi ya kahawia iliyokolea, akaiacha ikauke. Kisha huchukua kipande cha mshumaa akakisugua kwenye kingo, kwenye pembe za droo na kuzunguka kishikio. Juu yake hupitisha rangi ya maji, nyeupe au buluu iliyofifia. Ikishakauka, zamu ni ya msasa: penye nta rangi ya juu haikushika, basi hubanduka upesi na ile ya chini ikachungulia. Wapo wanaotanguliza gundi nyeupe ili rangi ya juu ipasuke nyufa kama tope la kiangazi. Wengine huloweka stiliwaya kwenye siki siku kadhaa, wakapaka maji yake kwenye mbao tupu. Chuma kikikutana na tanini ya mti, ile inayoleta ukakasi wa chai kali mdomoni, mbao husawijika kama za jahazi lililostaafu.

Je, fundi huyu amesema uongo?

Kiswahili kina neno kwa ajili ya kesi hii: kughushi. Limetoka kwenye Kiarabu, na limo katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim. Mtume alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona; na hapo ndipo likaja onyo kwamba mwenye kughushi hayumo kundini. Mvua haikumtia muuzaji hatiani. Kilichomponza ni kuuficha unyevu chini ya nafaka kavu.

Kwa kipimo hicho, fundi anayemwambia mteja kwamba mikwaruzo hii ameitia juzi kwa msasa ameshaweka kilicholowa juu. Mfanyabiashara wa Mji Mkongwe anayenyamaza huku mgeni akilishangaa sanduku jipya la misumari ya shaba kana kwamba lilivuka bahari enzi za masultani, huyo anajijua. Ukimya wake umo ndani ya bei.

Laiti mambo yangeishia dukani. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake The Seven Lamps of Architecture cha mwaka 1849, aliihesabu kuwa udanganyifu kazi ya kupaka mti rangi ili uonekane marumaru. Lakini kabati letu halijifanyi jiwe. Mti umebaki mti. Kinachoigizwa ni muda, na muda hauna duka la kuurudishia.

Wajapani wana mfano unaokata zaidi. Katika mkoa wa Wakayama lipo hekalu la Negoro-ji, la Wabudha wa madhehebu ya Shingon. Jina lake limebaki kwenye vyombo vya mbao, mabakuli na sinia, vilivyopakwa utomvu mweusi wa mti wa urushi, kisha mwekundu juu. Miaka ya kushikwa, kuoshwa na kufutwa ililamba ule wekundu, na weusi ukajitokeza pale hasa vidole vilipokaa. Mwaka 1585 jeshi la Toyotomi Hideyoshi lililiteketeza hekalu. Pagoda kubwa, iliyokamilika mwaka 1547, ilisalimika. Mafundi wa baadaye, walipoona watu wanavyopenda ule uchakavu, wakaanza kuusugua wekundu wenyewe kabla ya kuuza. Alama ya mikono ya watawa ikawa mtindo.

Kinachosumbua hapa ni ustadi. Mwanafunzi hukwaruza kila mahali sawasawa, na jicho humkamata mara moja, kwa kuwa vitu havichakai hivyo. Huchakaa kwenye kishikio, kwenye ukingo unaogusana na nyonga, kwenye mguu unaopigwa na ufagio kila siku. Kwa hiyo fundi hodari hulazimika kumwazia mtu: mama aliyefungua droo ya juu kila alfajiri kutoa sukari, mtoto aliyekuwa akiparamia ile ya chini. Anaandika maisha ya watu ambao hawakuwahi kuishi. Mwandishi wa riwaya naye hufanya hivyo bila kuitwa mwongo, lakini jalada la kitabu chake linatangaza kwamba ni riwaya. Kabati halina jalada. Mnunuzi aliambiwa, mgeni wake hakuambiwa, na siku ya kugawana mirathi hakuna atakayekumbuka.

Wakarabati wa sanaa wa Roma walikwishatafuta njia. Katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya Cesare Brandi, pengo kwenye mchoro wa kale lilizibwa kwa vistari vyembamba vya wima. Ukiwa mbali picha ni nzima. Ukisogea, unaona wapi mkono wa leo umepita. Seremala anahitaji kidogo zaidi ya hapo: penseli, na mwaka ulioandikwa chini ya droo.

Hata asipoandika, kabati litaanza kujisemea. Akilinunua mtu wa mkono wa kushoto, baada ya miaka ishirini kishikio kitakuwa na vipara viwili: kulia kile alichosugua fundi akimwaza yule mama wa sukari, na kushoto kimoja kidogo, laini, kisicho na alama ya msasa.