Utii wa Kilebu na Amana ya Neno

Wahenga walisema: ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini. Methali hii husomwa kama onyo dhidi ya kuwazoea wasiostahili. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, mbwa hana hatia ndani yake. Ametenda alivyozoezwa, kwamba hakuna mpaka. Aliyekosa ni yule aliyecheza bila kuuweka, kisha akashtuka mlangoni. Basi utii wa mnyama unapokosekana, upungufu ni wa nani?

Fiqhi haikulinyamazia suala hili. Surat al-Maida, katika aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na mafakihi wa Kishafii wakaeleza maana ya kufunzwa: mbwa aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, wala asile alichokikamata. Wakaongeza sharti kwamba hayo yakaririke hata idhaniwe kuwa yamekuwa tabia yake. Kutii mara moja si kufunzwa.

Sharti hilo la kukariri ndilo linalosahauliwa na wengi wanaofuga leo katika miji kama London, ambako mbwa huishi ndani na kupanda treni pamoja na watu. Kilebu hufundishwa jikoni kuketi kwa amri. Juma la pili anapelekwa bustanini, kindi anapita, na amri ile ile haisikilizwi. Mwenyewe husema ni mkaidi. Kumbe kwa kilebu, “keti” ya jikoni na “keti” ya bustanini bado ni masomo mawili. Neno linapaswa kufundishwa upya mlangoni, njiani, na mbele ya wageni, likianzia penye utulivu na kuelekea penye vishawishi. Anayeruka hatua hizo humwadhibu mwanafunzi kwa somo ambalo hajapewa.

Kosa zito zaidi liko katika neno “njoo”. Kilebu anaitwa, anakuja, kisha anakemewa kwa kiatu alichokitafuna zamani. Au anaitwa mara kumi bila lolote kufuata. Au huitwa tu pale ambapo mchezo unakatizwa. Katika hali zote hizo amejifunza vizuri mno: neno hilo ama ni hila ama ni kelele. Siku atakapokimbilia barabarani, neno ambalo lingemwokoa litakuwa limekwisha kupoteza thamani.

Je, woga hauwezi kulirudishia thamani? Konrad Most, Mjerumani aliyefunza mbwa wa polisi, alichapisha mwaka 1910 mwongozo ulioegemea sana shuruti, na mbwa wake walitii. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alieleza njia nyingine: tendo linalotakiwa lifuatwe papo hapo na ishara ya sauti iliyokwisha kufungamanishwa na chakula. Wapo wanaoiita njia hii hongo. Lakini hongo hutangulia tendo, ujira huja baada yake. Anayetikisa kipande cha nyama kabla ya kuita humzoeza kilebu kutii nyama. Anayeita kwanza, kisha akalipa, humzoeza kuliamini neno. Shuruti nayo huzaa utii, ila ni utii unaopima urefu wa kamba na umbali wa fimbo, tena hununuliwa kwa maumivu ya kiumbe asiyeweza kuuliza amekosa nini.

Haifuati kwamba kilebu aachiwe afanye apendavyo. Huko ndiko kucheza kunakoishia msikitini. Mpaka ni haki yake, kwa kuwa bila huo atafungwa, atatelekezwa, au atagongwa na gari. Ila anayedai kutiiwa hujifunga kwanza yeye mwenyewe: asiamuru asichokuwa tayari kukisimamia, asikataze leo alichokiruhusu jana, wala asigeuze mwito kuwa mtego. Kilebu hana njia ya kumjua bwana wake ila kwa yale yanayofuata baada ya neno lake, na humjua upesi.