Je, Kichekesho Lazima Kifunze?

Shuleni tulizoeshwa kuisaka dhamira katika kila kazi ya sanaa. Mpaka leo nikicheka, najiuliza: haya, funzo lake nini? Vic Reeves na Bob Mortimer hawanipi jibu.

Mwaka 1990 walianza na Vic Reeves Big Night Out, Channel 4 ya Uingereza. Humo yumo Les, bwana wa koti jeupe la maabara, anayependa mno pima maji ya mafundi na kuogopa majani ya vitunguu. Kwa nini? Basi tu. Na Bob alikuwa wakili, mtu wa kudai sababu!

Baadaye, katika Shooting Stars ya BBC, watu mashuhuri waliulizwa maswali yasiyo na kichwa wala miguu, na alama zikatangazwa na Matt Lucas aliyevalia kama mtoto mchanga. Umaarufu haukumsaidia mtu.

Wapo watakaosema mzaha wa namna hii hauwagusi wenye nguvu. Kweli, haumshtaki dhalimu yeyote. Lakini mzaha wenye ujumbe huwagawa watu: walioelewa na walioachwa nje. Mbele ya Les, profesa na mtoto wako sawa. Hakuna aliyeelewa zaidi.

Huo nao ni wema. Tukikubali kucheka pale tu penye faida, tutakuwa tumeifanya furaha iombe ruhusa. Mimi nacheka kwanza. Dhamira, kama ipo, itanikuta hapo hapo.