Mji Utakaonipa Jembe

Ofisi yangu ya Nairobi iliamua mwaka huu kwamba haina haja ya kutuona kila siku. Kazi ni ile ile, mshahara ni ule ule, mradi pawe na stima na intaneti. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, kwa hivyo nilipoambiwa naweza kuishi popote, nilisikia neno moja tu: Pwani. Mombasa nikaiondoa mapema kwa sababu ya joto na foleni za magari. Ikabaki miji miwili ya kaunti moja, Kilifi na Malindi, kilomita 60 hivi kati yake.

Nikachora jedwali, kama anavyofanya mtu yeyote wa rika letu. Kodi ya nyumba, kasi ya intaneti, umbali hadi Mombasa, hospitali, ufuo, usalama wa msichana anayerudi nyumbani usiku, watu wa kupiga nao stori. Kila mstari alama tano.

Kilifi ikaanza vizuri. Iko karibu nusu ya njia kati ya Mombasa na Malindi. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991, hakuna tena kungoja feri ili uvuke ule mkono wa bahari. Watafiti wa KEMRI na Wellcome wako pale tangu 1989, na Chuo cha Pwani kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wanafunzi na watafiti wameleta mikahawa, na wasanii wakaja, na mwisho wa mwaka nusu ya marafiki zangu wa Nairobi wanakesha huko wakicheza chini ya mibuyu. Malindi nayo ina uwanja wa ndege, soko kubwa, tuktuk kila kona, na aiskrimu nzuri walioileta Waitaliano, ambao wengi walianza kuijua sehemu hii miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia roketi pale Ngomeni. Lakini Malindi iliegemea watalii, na watalii walipopungua baada ya mashambulizi na ilani za usafiri za 2013 na 2014, halafu Korona ya 2020, hoteli kadhaa zilibaki na walinzi tu. Wakati wa mvua, mto Sabaki unapofurika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikaipunguzia alama za ufuo.

Kilifi ikashinda, tena kwa mbali. Nikampigia dalali.

Dalali alikuwa kijana mchangamfu. Akanionyesha nyumba ya vyumba viwili upande wa Bofa, ina upepo mzuri na mwembe uani. Ndani kulikuwa na watu. Mama mmoja alikuwa akimenya viazi mlangoni, mtoto anafanya hesabu sakafuni. Tulisalimiana. Tulipotoka nje dalali akasema, "Siste, hii ukisema ndiyo leo, mwisho wa mwezi wanatoka. Baba ni mwalimu, analipa 14. Mwenye nyumba anataka 25, na watu wa Nairobi wanalipa."

25,000. Kwa nyumba kama hiyo Nairobi ningetoa mara mbili, tena bila mwembe. Katika jedwali langu, mstari wa kodi, Kilifi ilikuwa imepata tano juu ya tano.

Sikuichukua. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Pengine ilichukuliwa siku ile ile na mtu mwingine. Nasema kwa sababu tangu siku hiyo nilishindwa kulisoma lile jedwali kama mwanzo. Kila alama niliyoupa mji ilikuwa na mtu anayeilipia. Kodi ni nafuu kwangu kwa sababu mshahara wangu unatoka mahali pengine. Kwa mwalimu yule kodi hiyo hiyo ni notisi ya kuhama. Kilifi imetulia, nikaipa tano kwa utulivu. Lakini sehemu ya utulivu huo ni kiwanda cha korosho kilichofungwa miaka ya 1990, na watu waliokuwa wakiamka na king'ora chake wakabaki bila pa kuuza korosho zao kwa bei ya maana. Viwanja vinapatikana, nikaandika. Vinapatikanaje? Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wadai ardhi yao kwa maandishi. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na mpaka leo wajukuu wao huitwa maskwota wakiwa wamekaa kando ya makaburi ya babu zao. Kiwanja kinachoitwa "kitupu" kwenye tangazo mara nyingi kina mnazi, na mnazi haujipandi wenyewe.

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass alilitungia jina jambo hili alipokuwa akiangalia mitaa ya wafanyakazi wa London ikinunuliwa na watu wenye uwezo zaidi. Sisi bado hatuna neno moja linalotosha. Kilifi nimesikia watu wakisema tu, "Mtaa umepanda." Usemi huo ni wa heshima sana, kwa sababu hausemi nani ameshuka.

Nilimweleza rafiki yangu anayeishi Kilifi mwaka wa tatu sasa. Akanicheka. "Wewe unajipa uzito. Usipokuja wewe atakuja mwingine. Na ukija, si utanunua mboga kwa mama mboga, utapanda boda, utamlipa fundi? Hiyo huruma yako inamlisha nani?" Halafu akaongeza hoja iliyonikaa zaidi: Pwani nzima imejengwa na waliokuja. Kama wageni wangekuwa na haya kama zangu, kusingekuwa na Malindi.

Hoja hiyo haipuuziki. Malindi ilikuwa mji wa wageni kabla ya Nairobi kuwa hata kambi ya reli. Mwaka 1415 twiga alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina kama zawadi kutoka Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa hapo na akapata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Nenda Gede, mji wa mawe uliomezwa na msitu, ulioingizwa mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia: wachimbuzi walikuta huko vyombo vya Uchina ndani ya nyumba za watu wa Pwani. Kuja na kukaa ni jadi yetu.

Lakini historia hiyo ina ukurasa mwingine. Malindi ilipofufuka kuanzia miaka ya 1860, ilifufuliwa na mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Waliokuja kulima kwa mikono ya wengine nao walikuwa "wageni waliojenga mji". Na mwaka 1914, baada ya upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza, ni Wagiriama walioamriwa na Waingereza wahame kaskazini ya Sabaki, waache mashamba yao. Kwa hiyo kuniambia kwamba wageni wamekuja siku zote hakunijibu. Nilitaka kujua mgeni anakuja kwa masharti gani.

Katika maandishi ya Plato, Sokrate yumo gerezani na rafiki yake Krito anamsihi atoroke. Sokrate anakataa. Anasema ni kana kwamba sheria za Athens zinamwambia: ulikuwa huru kuhamia mji wowote, umekaa kwetu miaka sabini, kukaa kwako ni mkataba. Nimeipenda hoja hii tangu chuo. Lakini ukiileta Kilifi unaona ilipopungua. Inamfaa anayeweza kuondoka. Mwalimu wa Bofa hakuchora jedwali. Anakaa alipo kwa sababu ndipo kazi yake ilipo, na akihamishwa atasogea Kibaoni au mbele zaidi, hadi pale mshahara utakapokubali. Kulinganisha miji ni haki ya mwenye nauli. Kwangu mimi, basi, mkataba wa Sokrate una uzito mara mbili. Nikichagua mji nikiwa huru kabisa kuchagua mwingine, siwezi baadaye kusema mambo ya hapa hayanihusu.

Waswahili tulishalisema kwa ufupi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaitumia kwa mzaha, kumkejeli mgeni asiyeondoka. Ukiitazama vizuri ina heshima ndani yake. Mwenye kupewa jembe amehesabiwa. Kuanzia siku ya tatu anaweza kutumwa na kulaumiwa, na akikosekana shambani ataulizwa yuko wapi. Mgeni ambaye hapewi jembe kamwe, hata akikaa miaka kumi, bado yuko hotelini.

Hapo ndipo nilipoona kosa la majedwali yetu yote. Yanauliza mji utanipa nini. Hakuna mstari unaouliza: katika mji huu, ni nani atakayeweza kunidai kitu? Mtu anaweza kuishi Kilifi miaka mitatu na asidaiwe na yeyote isipokuwa mwenye nyumba. Maji ya miji yote miwili hutoka Baricho, kwenye Sabaki. Bomba likikauka, mwenye tangi kubwa hata hajui. Jirani anangoja mkokoteni wenye madumu. Wanakunywa mto mmoja na wanaishi miji miwili tofauti.

Malindi mimi ninadaiwa. Mama mdogo wangu anaishi Shella, peke yake tangu wanawe waende Oman na Mombasa. Sukari inampanda. Nilipomtembelea hakuniomba nihamie. Alinipa mahamri na mbaazi, akasema, "Mwanangu, kaa utakapopata riziki." Kisha, nikiwa mlangoni, akaniomba nimsomee karatasi ya kliniki kwa sababu miwani yake imevunjika na hajapata wa kumpeleka.

Sitaki kulipamba hili. Malindi mtaa mzima utanijua. Nikishuka tuktuk saa nne usiku, kesho yake mama mdogo atakuwa ameshaambiwa. Wataniuliza nitaolewa lini, na posa zitaanza kuletwa kabla sijafungua masanduku. Wapo wasichana ambao macho hayo yaliwaumiza, na wengine waliyakimbia ili wapone. Kwao mji usiowajua ni dawa, na siwezi kuwahukumu kwa kuchagua Kilifi au popote penginepo. Na hata Kilifi mtu anaweza kulitafuta jembe lake: akaenda kwenye baraza, akajua majina ya majirani wa nyumba kumi, akauliza kodi aliyokuwa akilipa mpangaji wa kabla yake na kukataa kupandisha. Linalonitisha ni kuchagua mji kwa sababu hakuna atakayekuuliza, halafu kuuita utulivu.

Kwa hiyo ninahamia Malindi, mji ulioshindwa kwenye jedwali langu. Nitakosa marafiki na muziki wa Kilifi, na ufuo wangu utakuwa na rangi ya chai miezi kadhaa ya mwaka. Nimepata vyumba viwili hatua chache kutoka kwa mama mdogo. Vilikuwa vimekaa tupu tangu mwaka jana, na kabla ya kukubaliana niliwauliza wapangaji wa chini wanalipa ngapi. Ninalipa hiyo hiyo. Mwenye nyumba alinishangaa kidogo, akaniuliza kama kweli natoka Nairobi.

Limebaki moja la kukamilisha. Nimeandikishwa kupiga kura Nairobi, na nimeanza kuulizia jinsi ya kuhamisha kura yangu. Mwaka 2027 nataka nipange foleni Malindi, nyuma ya watu ambao maamuzi ya maji, ardhi na kodi yanawagusa kabla hayajanigusa mimi.