Damu Yenye Sauti

Andiko kuu: Mwanzo 4:8-10, Waebrania 12:24

Wapendwa, leo nahubiri habari ya gemu. Naona wazee wengine wameshaanza kufunga Biblia. Ngojeni kidogo. Somo hili limetoka sebuleni kwangu, na kabla halijawafikia ninyi lilinipiga mimi kwanza.

Nina kijana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mjomba wake aliporudi kutoka Qatar alimletea PlayStation 5 pamoja na gemu moja inaitwa Lords of the Fallen, iliyotoka Oktoba 2023. Jioni moja nikaingia ghafla nikakuta kwenye televisheni mpiganaji aliyevaa chuma, mapepo yenye pembe, na damu kila mahali. Sikuuliza swali. Nilitoa ile sidi kwenye mashine nikaivunja vipande viwili mbele ya macho yake. Nikamwambia katika nyumba ya mtumishi wa Mungu mapepo hayachezewi. Jumapili iliyofuata nilisimama hapa nikatoa ushuhuda huo, nanyi mkanipigia makofi. Mnakumbuka.

Kile sikuwaambia ni kwamba kwa wiki tatu kijana wangu hakunisemesha, isipokuwa salamu ya asubuhi na amina ya mezani.

Sasa basi. Agosti 2025, kwenye yale maonyesho makubwa ya gemu yanayofanyika Cologne, Ujerumani, yaitwayo Gamescom, ilionyeshwa trela ya gemu inayofuata, Lords of the Fallen II. Wakati huo ilipangwa kutoka 2026. Mimi nisingejua habari hiyo. Kijana wangu ndiye aliniletea, simu mkononi, akasema, "Baba, ile uliyovunja inatoka ya pili. Ukitaka kuivunja na hii, angalia kwanza ujue unavunja nini."

Wapendwa, maneno hayo yalinikalisha chini.

Tukaangalia pamoja. Sitawapamba: ni kali. Watu wanakatwa viungo, damu inaruka, mashoka yanashuka. Kampuni inayoitoa, CI Games ya Poland, haifichi jambo hilo. Ukatili wa mapigano ndiyo bidhaa yenyewe wanayotangaza. Moyo wangu ukaanza kuchemka kama siku ile. Lakini safari hii Roho Mtakatifu akanishika ulimi, nikauliza swali ambalo ningeuliza tangu mwanzo: "Wewe unapenda nini hapa?"

Yule mtoto akafunguka kama bomba! Akanieleza kwamba katika ile gemu ya 2023 kuna nchi inaitwa Mournstead, na mungu wa mapepo aitwaye Adyr anataka kurudi kuitawala. Mpiganaji anatumwa kumzuia, na mkononi anabeba taa. Akiinua taa ile, anaona nchi ya wafu iliyofichika ndani ya nchi ya walio hai. Akiuawa, hafi mara moja. Anaamka upande wa wafu, apate nafasi moja ya kurudi. Akiuawa huko tena, ndipo anarudishwa nyuma alikopumzika mara ya mwisho, aanze upya.

Akaniambia, "Baba, kuna bosi mmoja aliniua zaidi ya mara 30. Hii gemu haikupi ushindi wa bure. Lazima usome adui, ujue makosa yako, uinuke tena."

Nikakumbuka Mithali 24:16, mwenye haki aangukaye mara saba na kuinuka. Nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto hakuwa anatafuta mapepo. Alikuwa anajifunza kutokata tamaa, na mimi nilimvunjia bila kumuuliza. Mzazi, mwambie jirani yako: uliza kwanza.

Lakini bado kulikuwa na jambo linanisumbua. Nikamuuliza, "Na hawa unaowakata, wanaenda wapi?"

Akacheka. "Hawaendi mahali, baba. Nikipumzika tu, wanarudi wote palepale. Bosi ndiye harudi."

Hapo ndipo niliposikia somo. Unamkata mtu, unakwenda kupumzika, unarudi, yuko palepale amesimama akingoja kukatwa tena. Hakuna mjane, hakuna matanga. Hakuna mtu anayekuja kuuliza. Fungua Mwanzo sura ya 4. Kaini alimuua ndugu yake huko shambani, hakuna shahidi, hakuna polisi. Akadhani yamekwisha. Lakini Mungu akamjia na swali, ndugu yako yuko wapi, akamwambia kwamba damu ya Habili inamlilia kutoka ardhini. Ona basi, damu kwa Mungu ina sauti. Mtu ameanguka, lakini hajanyamaza.

Kijana wangu si mjinga. Akanigeuzia Biblia. "Baba, mbona Daudi alimkata Goliathi kichwa, na ukatuhubiria ukiruka jukwaani?"

Nyinyi mnaocheka, watoto wenu watawauliza vivyo hivyo. Nikamfungulia 1 Mambo ya Nyakati 22:8. Daudi amezeeka, anatamani kumjengea Bwana nyumba, na Bwana anamkatalia. Sababu? Damu nyingi aliyoimwaga duniani. Tazama, wale walikuwa adui, ilikuwa vita, na nyingine Bwana mwenyewe alimpa ushindi. Hata hivyo Mungu hakuisahau ile damu. Ndani ya Biblia kuna mapanga mengi kuliko ndani ya trela yoyote, lakini Biblia haikuambii upumzike halafu wote watarudi palepale. Kila aliyekufa amekufa kweli.

Nikaona nimeshinda mjadala. Nikataka kuinuka nikanywe chai. Ndipo kijana akaniuliza taratibu, "Baba, wewe umewahi kuisikia? Hiyo sauti ya damu?"

Wapendwa, nilinyamaza muda mrefu sana. Mama watoto akatoka jikoni kuangalia kama tumegombana.

Mimi mnanijua kama mchungaji. Hamjui kwamba Januari 2008 nilikuwa kijana wa miaka 22 huko Bonde la Ufa. Asubuhi moja tulikuwa tunakimbia, mimi na mama yangu, na mzigo wa blanketi kichwani. Kando ya njia alikuwa amelala jirani aliyekuwa akituletea maziwa tangu niko shule ya msingi. Alikuwa amekatwa panga. Alikuwa bado anapumua. Aliniona. Aliniita kwa jina langu.

Nilipita.

Nilijiambia nilikuwa naogopa, na ni kweli niliogopa. Nilijiambia nilikuwa na mama, na ni kweli nilikuwa naye. Lakini kila ninapohubiri habari ya Msamaria mwema, nikifika kwa yule kuhani aliyepita upande wa pili, sauti yangu hupungua, na nyinyi hudhani ni upako. Kwa miaka hii yote sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Siku ile nilimwambia mwanangu. Alilaza simu kifudifudi mezani. Hakuniambia pole. Aliuliza kitu kimoja tu: "Aliitwa nani?" Nikamtajia jina. Hapa sitaliandika, kwa sababu ana watoto wake na wako hai.

Tume ya Waki ilipohesabu waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007 ilipata watu 1,133. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tunaijua miili, tunajua harufu ya moshi. Lakini watoto wetu waliozaliwa baadaye, nani amewaambia? Tumewanyamazia kwa kuwa inauma. Kisha wakiona kwenye televisheni mtu anakatwa mkono wakacheka, tunapiga kelele, tunavunja sidi. Ndugu yangu, gemu haikuinyamazisha damu nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Ile gemu ilikuta kimya ikakijaza.

Sisemi kijana akicheza gemu kesho atashika panga. Sijaona hivyo, na sitasema uongo juu ya madhabahu. Nasema sikio linaweza kufa ganzi, na sikio la kwanza kufa ganzi nyumbani kwangu lilikuwa la baba.

Sasa shikeni Waebrania 12:24. Neno linatuambia damu ya Yesu nayo inanena, tena inanena mema kuliko ile ya Habili. Ya Habili inadai haki, na inayo haki ya kudai. Ya Yesu inaita muuaji atubu, na inamwita pia yule aliyepita kando. Haleluya! Kwa damu hiyo nimepata ujasiri. Likizo ijayo nitasafiri na kijana wangu kuitafuta familia ya yule jirani. Sijui watanipokea vipi. Niombeeni.

Na gemu je? Gemu ya 2023, kwa viwango vya Marekani, ilipewa alama ya M, yaani kuanzia miaka 17. Kijana ana 16. Ningeulizia alama hiyo mapema tungezungumza, nisingehitaji kuvunja kitu. Nilimwomba msamaha kwa ile sidi. Tumekubaliana kwamba hii ya pili ikitoka haitaingia nyumbani kabla hajafika umri wake, na siku ikiingia tutakaa wote wawili, nami nitamuuliza maswali. Amekubali, ila amesema nitakufa mara 30 kwa bosi wa kwanza. Namwamini.

Ya kufanya wiki hii:

1. Mzazi, keti na mtoto wako dakika 30 uangalie anachocheza. Usifoke. Muulize anapenda nini, kisha tafuta alama ya umri.

2. Kijana, ukicheza gemu ya damu, simama ujiulize: huyu niliyemwangusha angekuwa mtu, nani angemlilia?

3. Kama una jambo la damu umelificha, la 2008 au la jana, usilibebe peke yako. Mlango wangu uko wazi, na safari hii mwenye mlango naye anaungama.

Tuombe: Bwana Yesu, zibua masikio yetu. Tusamehe tulipopita kando. Wape watoto wetu baba na mama wanaosema kweli. Kwa damu yako inayonena mema, tusafishe. Amina.